Mifuko Sabini ya Mchanga

Kitengo cha Utafiti wa Usafiri, chumba namba 14
12 Machi

Kaka yangu,

Shikamoo. Nakuandikia hata viatu sijavua. Kamati imeipitisha ripoti. Imepita yote, kurasa mia moja na nne, hawakuchomoa hata mstari mmoja. Mwenyekiti, yule yule aliyenibandika jina la Betri miaka mitano iliyopita ili wenzake wapate cha kucheka, leo ameinuka kwenye kiti chake akanipa mkono. Sikulia. Nilisubiri nifike chooni.

Kwenu maana yake ni hii. Tarehe 31 Mei mabasi yote sita ya dizeli yanaondoka kwenye njia ya mlimani. Tarehe mosi Juni yanaanza mabasi manne ya umeme. Kila moja safari tatu kwa siku, kutoka karakana ya chini, kupitia hospitali, hadi huko juu na kurudi, kwa chaji moja ya usiku. Wakubwa waliuliza nina hakika gani. Nikawafungulia jedwali: siku ishirini na tisa za majaribio, gari limebeba mifuko sabini ya mchanga, mfuko mmoja kwa kila abiria, na safari tatu zimekamilika kila siku. Wakageuza ukurasa.

Namfikiria baba. Miaka ishirini na sita ndani ya shimo la mafundi, anavuta moshi wa dizeli, mpaka kikohozi kikamwondoa. Ningependa aone njia ile bila moshi.

Kuna jambo moja sikulisema mbele ya kamati, kwamba dereva wa majaribio ni kaka yangu wa tumbo moja. Niliandika "dereva mzoefu wa kampuni". Si uongo. Nilikuchagua kwa sababu sijawahi kukusikia ukidanganya, hata tulipokuwa wadogo na ungeweza kuniponya na fimbo.

Zawadi yako iko ukurasa wa 88. Kwa kuwa unalalamika mgongo tangu majaribio yaanze, nimeandika aya nzima kwamba kiti cha dereva kwenye mabasi haya hakifai na lazima kibadilishwe. Mgongo wako umeingia kwenye sera, kaka. Sasa utembee kwa adabu.

Mama anaendeleaje? Jumanne na Ijumaa asikose mashine ya kusafisha damu. Daktari wa figo aliniambia mwenyewe kwamba akikosa mara mbili mfululizo, tujiandae.

Mdogo wako,
Betri

*

Karakana ya juu
17 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Barua imekuja ndani ya mkoba wa karatasi za safari, kama kawaida. Karani aliichungulia kabla ya kunipa, ila mwandiko wako umemshinda. Najua ungependa nipige simu, lakini huku juu mtandao unakuja ukijisikia, na mambo mengine mdomo wangu huwa mzito. Kalamu naiweza zaidi.

Nimefurahi. Nimemsomea Mama mara mbili. Amesema huyo Mwenyekiti sasa akome. Halafu ameuliza kama umenenepa, nikamwambia barua haioneshi.

Mama hajambo kwa kiasi chake. Bado anashuka na gari la saa tano, anaunganishwa na mashine mpaka saa kumi na moja, anarudi na lile la jioni. Wako kumi na wawili, wagonjwa wa huku juu. Viti vya mbele wamevifanya sebule yao. Mwalimu mstaafu huwa anawasomea gazeti la jana, na Mama anambishia habari ambazo hata hazijui.

Nilitaka kukuomba jambo dogo. Je, haiwezekani mkaacha dizeli mbili? Si sita, mbili tu, kwa ajili ya gari la jioni. Mlima huu unaujua. Kona kumi na moja, na mvua ikinyesha barabara inakuwa nzito. Gari la jioni ndilo safari ya tatu, na ndilo linalowarudisha wagonjwa. Iwe akiba tu, miezi ya kwanza.

Hilo la kiti nimelisoma. Ahsante. Usingejisumbua.

Mama amesema niandike hivi: "Mwanangu, kula. Mengine yatafuata."

Kaka yako

*

Chumba namba 14
22 Machi

Kaka,

Shikamoo. Nimeisoma barua yako mara tatu nikitafuta ni nani kaiandika.

Miaka mitano nimekaa na wanaume wanaoniambia "mlima, binti, mlima". Mafundi mlima, wauza vipuri mlima, meneja wenu mlima. Mtu pekee ambaye hakuniambia mlima alikuwa wewe. Ulipanda gari, ukaupanda mlima, ukaniletea karatasi zimejazwa na kusainiwa. Na leo nimeshinda, unaniambia barabara inakuwa nzito?

Dizeli mbili haziwezekani, na si kwa sababu nina kichwa kigumu. Msaada wa mitambo ya kuchajia unatolewa kwa njia ambayo haina dizeli hata moja. Ikibaki moja, mitambo haiji. Ndiyo sababu nimependekeza mabasi ya zamani yakishaondolewa yakatwe vyuma chakavu, yasije yakarudishwa kwa mlango wa nyuma. Hicho kifungu nimekiandika kwa mkono wangu na najivunia.

Najua unaogopa. Umeendesha dizeli tangu una miaka ishirini na miwili, na sasa una hamsini na mitatu. Lakini namba ni zako, kaka. Kama huniamini mimi, jiamini wewe.

Nisamehe ukali. Nimechoka na nakupenda.

Betri

*

Karakana ya juu
20 Aprili

Mdogo wangu,

Nimechelewa kujibu. Nimeandika barua hii mara nne na kuichana mara nne, karani sasa ananifichia karatasi.

Nakuuliza kwa upole. Majaribio yanaweza kurudiwa? Hata wiki moja. Safari hii wewe mwenyewe upande, ukae nyuma pale kwenye mchanga, uone kwa macho yako. Ile kanuni yako kwamba ndani ya gari awemo dereva peke yake na kile chombo cha kupimia chaji, ili uzito usivurugike, naielewa. Lakini labda ilikuwa kanuni mbaya. Dereva ni mtu. Miwani yangu ni ya zamani, zile fomu nilikuwa najaza nimechoka, huenda mahali pengine nimeandika visivyo.

Nasema huenda.

Mgongo haujapoa. Asubuhi Mama ndiye ananifunga kamba za viatu, mgonjwa anamhudumia mzima. Anacheka, mimi sicheki.

Nijibu upesi. Nimesikia Waziri anatia saini mwisho wa mwezi.

Kaka yako

*

Chumba namba 14
26 Aprili

Kaka,

Shikamoo. Waziri anatia saini tarehe 30. Hakuna wiki ya kurudia, na hata ingekuwapo nisingeiomba. Nikisimama sasa nikasema nataka kupima tena, Mwenyekiti atauliza kwa nini, na jibu langu litakuwa nini? Kwamba dereva amevaa miwani ya zamani?

Fomu zako ni sawa. Ungekosea kwenye fomu, chombo kingekuumbua, maana kinaandika chaji kila dakika na hakina undugu na mtu. Siku ishirini na tisa zinafanana kama mapacha. Lala usingizi.

Nimekutumia plasta za dawa humo kwenye mkoba. Bandika asubuhi na jioni. Nimemweleza daktari mmoja hapa, akashangaa. Amesema mgongo wa namna hiyo huwa wa wapakiaji bandarini, si wa madereva. Nikamwambia hajakalia kile kiti.

Betri

*

Karakana ya juu
9 Juni

Mdogo wangu,

Zile plasta zilisaidia kidogo. Barua ya Aprili sikuijibu, na ya Mei pia. Nisamehe.

Dizeli ziliondoka kama ulivyopanga. Tulizishusha sita kwa msafara, mimi nikaendesha ya mwisho. Mabasi yako ni mazuri, sitakuficha. Hayangurumi, watoto wa shule wanasikilizana, na Mwalimu mstaafu anasoma gazeti bila kupaza sauti. Siku tatu za kwanza abiria walikuwa wachache, kila mtu anaogopa kitu kipya, na safari tatu zilikamilika. Siku ya nne walijaa.

Ijumaa ile gari la jioni aliliendesha Honi, unamkumbuka, yule rafiki yangu anayepigia honi hata mbuzi. Alifika kona ya saba, taa zikafifia, gari likasimama. Kutoka pale hadi juu ni kilomita sita. Mvua ilikuwa inanyesha. Walisubiri saa nzima, kisha wakaanza kutembea, na wagonjwa kumi na wawili wametoka kwenye mashine muda si mrefu. Honi alimshika Mama mkono njia nzima. Mama amefika na kandambili moja.

Mwalimu mstaafu alianguka mara mbili njiani. Jumatatu hakuamka. Tumemzika leo. Sisemi gari limemuua. Nasema alitembea.

Jana limesimama tena, kona ya nane.

Kaka yako

*

Chumba namba 14
13 Juni

Kaka,

Shikamoo. Mpe mkewe Mwalimu pole zangu. Nimelia, na baada ya kulia nimekasirika.

Nimekaa na takwimu siku tatu. Betri ni nzima, mitambo ni mizima. Gari lile lile, mlima ule ule, uzito ule ule, wewe umepanda mara tatu kwa siku ishirini na tisa. Wao wanashindwa siku ya nne. Kilichobadilika ni dereva. Kaka, najua ni wenzako, lakini dizeli ilikuwa na ulaji wake: mafuta ya kunyonya, vipuri vya kuuza. Kuna mtu anayemaliza chaji makusudi ili nionekane mjinga na dizeli zirudi. Na yule Honi wako ndiye aliyekuwa kwenye usukani mara zote mbili.

Nimemwandikia Meneja hivyo hivyo bila kupaka mafuta. Nimemwambia atumie rekodi zako kama kipimo. Anayeshindwa kukifikia ajieleze.

Mtunze Mama. Asikose mashine.

Betri

*

Karakana ya juu
28 Juni

Mdogo wangu,

Kaa chini kwanza.

Meneja aliisoma barua yako mbele yetu sote, kwenye banda la kuoshea magari. Akasema dereva wa majaribio alipanda safari tatu na uzito kamili siku ishirini na tisa, ninyi mnashindwaje? Wote wakanigeukia. Honi akanisogelea, hana hasira, anauliza kama mtu anayetaka kujua kweli: "Kaka, hebu tufundishe. Ulikuwa unafanyaje?"

Nikawaambia nilikuwa nakanyaga polepole.

Honi akajaribu kukanyaga polepole siku mbili. Siku ya pili gari likasimama kona ya saba. Amesimamishwa kazi, na mwenzake mmoja pia. Wana familia. Amepita nyumbani kuniaga akaniachia honi yake ya mkononi niwapigie watoto wa shule, na mimi nikaipokea. Sijui mkono wangu ulitoa wapi ujasiri.

Sasa nakwambia nilichofanya.

Siku ya kwanza ya majaribio nilipanda na mifuko yote sabini. Safari ya pili nilipofika juu betri ilikuwa asilimia tisa. Safari ya tatu haikuwezekana, na nikaandika hivyo kwenye fomu. Jioni ukanipigia simu. Nikasikia unalia. Sikuwahi kukusikia ukilia tangu tulipomzika baba. Ukasema, "Basi, kaka, walikuwa wanasema kweli," ukakata.

Kesho yake nilifika pale mlima unapoanza, kwa muuza mbao, nikasimamisha gari. Nikashusha mifuko arobaini. Nilimwambia muuza mbao ni sehemu ya utafiti, akanipa kivuli cha kuiweka. Nikapanda na thelathini. Gari likapanda kama halina shida duniani. Jioni nikaipakia tena yote arobaini, kwa sababu karani wa karakana ya chini alikuwa anaihesabu gari likirudi kulala. Kwenye fomu nikaandika sabini. Siku ishirini na tisa, mdogo wangu. Arobaini kushusha, arobaini kupakia, kilo hamsini kila mmoja, mikono yangu miwili. Wewe ukaandika aya kuhusu kiti.

Nilidhani ni wewe tu nakusaidia. Nilidhani watajaribu tena wenyewe kabla ya kuleta mabasi, kwamba kazi ya serikali haiwezi kusimama juu ya neno la dereva mmoja. Nilipoona imesimama, nikaogopa. Kila barua niliyokuandikia nilitaka kusema, na kila mara nikaona uso wako siku uliyopewa mkono na Mwenyekiti, ingawa sikuwepo.

Mama hajaenda kwenye mashine Ijumaa. Wala Jumanne. Wala Ijumaa ya kabla yake. Anasema hawezi tena kutembea kona zile, bora afe akiwa amejifunika. Nimeomba lori la muuza mbao, dereva amekuja hadi mlangoni, Mama amekataa. Anasema wale wagonjwa wenzake kumi watapanda nini. Miguu imevimba imekuwa kama si yake. Anapumua kwa kukaa. Jana aliniita kwa jina la baba.

Mimi ndiye niliyemfanyia hivi. Sijui nifanye nini. Maji yamenifika shingoni na sina wa kumlilia ila wewe niliyekudanganya.

Kaka yako

*

29 Juni

Kaka,

Dereva anayekupa barua hii amekuja na gari la kitengo. Mweke Mama ndani. Akikataa, mbebe. Akikupiga, mbebe. Na wale kumi wote waingie, wabanane, mwambie hakuna atakayeachwa, hapo hatakuwa na neno. Wanasubiriwa hospitali, nimeshazungumza na daktari wa figo. Usimalizie kusoma, mbebe kwanza.

Kama sasa uko hospitali, endelea.

Barua yako niliisoma nimesimama, kisha nikakaa sakafuni kwa sababu kiti kilikuwa mbali. Nilitaka kukuchukia. Nilijitahidi karibu saa nzima. Halafu nikafungua jedwali langu, mstari wa kwanza.

Siku thelathini tulizopanga. Kwenye ripoti ni ishirini na tisa. Hukuwahi kuniuliza ile moja ilikwenda wapi, na kamati haikuuliza. Niliifuta mimi. Wiki ya pili nilipoona siku nyingine zote zinafanana, nikaandika pembeni, "Siku ya kwanza: chombo hakikufungwa vizuri." Sikwenda kukikagua chombo. Sikukuuliza. Nilikuwa na siku moja ya kweli na ishirini na tisa za uongo, nikaitupa ile ya kweli kwa furaha, kaka, kwa furaha.

Wewe ulishusha mifuko. Mimi nilishusha siku.

Na kila mtu alinionesha. Daktari alisema ni mgongo wa mpakiaji. Wewe uliniomba nipande gari. Ndipo nikamwandikia Meneja dhidi ya Honi.

Kesho asubuhi naingia kwa Mwenyekiti.

Betri

*

Nyumbani kwangu
8 Julai

Kaka,

Shikamoo. Nashukuru kwa ujumbe wa simu. "Amefungua macho, ameuliza nani kamvalisha soksi." Niliusoma mpaka skrini ikazima.

Mwenyekiti hakufoka. Ningependa angefoka. Alivua miwani akasema, "Betri, mimi nilikuamini," na nikajua kwamba ni kweli, alikuwa ameniamini, mzee yule. Nimesimamishwa. Ufunguo wa chumba namba 14 nimeurudisha. Wataunda tume, wewe utaitwa na mimi nitaitwa. Jina lako nimelitaja na udugu wetu nimeutaja. Nimeandika pia kwa Meneja kwamba Honi na mwenzake hawana kosa, na nakala nimempelekea Honi mwenyewe, na kumwomba radhi. Hajajibu. Hana wajibu wa kujibu.

Niliomba dizeli mbili zirudishwe. Hazipo. Zilikatwa vyuma chakavu tarehe 10 Juni, zote sita, kama kifungu changu kilivyoagiza. Nilikiandika vizuri mno.

Mabasi mapya ya ziada yataletwa, labda mwakani. Nimekaa na kalamu siku nne natafuta nini kifanyike kesho, si mwakani. Na kitu pekee nilichokipata nimekipata kwako. Zile siku zako ishirini na tisa si takataka. Zimepima, tena kwa usahihi kabisa, gari linalopanda mlima na watu thelathini. Gari hilo linakwenda safari tatu, na betri inabaki asilimia kumi na nne. Tatizo ni kwamba tuliliita gari la watu sabini.

Kwa hiyo Meneja ameagizwa hivi, mpaka mabasi zaidi yaje: gari litoke chini na wote, tambarare haina shida, lakini mlima usipandwe na zaidi ya thelathini. Wagonjwa kwanza, wote kumi na mmoja. Waliozidi washuke pale pale mlima unapoanza, wasubiri gari la pili, saa moja nyuma. Lazima awepo mtu wa kuhesabu mlangoni. Meneja amesema wewe huwezi tena kushika usukani, ila kuhesabu utahesabu, na ukizidisha hata mmoja unga umemwagika.

Najua pale mlima unapoanza ni wapi: ni kwa muuza mbao wako. Sikuchagua mimi. Barabara ndiyo iliyochagua.

Betri

*

Karakana ya juu
19 Julai

Mdogo wangu,

Marahaba. Mama ameruhusiwa Ijumaa, akawekwa kwenye mashine kwanza, tukapanda gari la jioni. Honi yuko kwenye usukani, amerudishwa. Hajanisemesha neno. Nilimrudishia honi yake, akaiweka juu ya dashibodi bila kunitazama.

Kule hospitali nilikuwa nimemweleza Mama kila kitu. Alinisikiliza huku anaangalia ukuta.

Tulifika kwa muuza mbao, Honi akazima gari. Nikahesabu. Thelathini na nane. Nikatangaza nane washuke, isipokuwa wagonjwa. Hakuna aliyetikisika. Wananijua, kaka yako huyu. Kila mmoja ameshasikia mwenye mifuko ni nani. Mama mmoja mwenye mtoto akaniuliza, tena kwa sauti ya kawaida tu, kama mimi ndiye niliyewashusha kona ya saba. Nikamwambia ndiyo. Nilisema mbele ya wote. Mjane wa Mwalimu alikuwa amekaa kiti cha tatu, amegeukia dirisha.

Wakaanza kushuka. Mmoja, wawili, wakafika saba. Akabaki mmoja. Kijana mmoja ameinama anajifanya kalala, na mimi sina moyo wa kumgusa.

Mama akasimama.

Nikamwambia, Mama, wewe ni mgonjwa, amri inakulinda. Akanisogeza kwa kiganja, kile kiganja unachokijua. Akasema, "Gari hili wamelipata kwa wanangu. Siwezi kulipanda wenzangu wakiwa chini." Akashuka ngazi moja moja. Nikashuka naye. Yule kijana akaamka ghafla, akaomba Mama arudi, Mama akamwambia alale.

Nikamwambia Honi, twende, thelathini. Honi akanitazama mara ya kwanza tangu Juni. Akafunga mlango. Likapanda, na tuliliona mpaka kona ya tatu, taa zake zimewaka vizuri.

Hakuna benchi pale. Siku ya mwisho ya majaribio sikuwa na nguvu ya kuipakia tena ile mifuko. Karani wa karakana ya chini nilimwambia nimeimwaga, na karakana ikafuta hesabu. Kumbe ilikuwa hapo hapo, chini ya kibanda cha mbao, imepangwa kama nilivyoiacha. Mama akauchagua mmoja akaukalia, akajifunga khanga miguuni. Wale saba wakasimama kando.

Kisha akaniuliza, "Ilikuwa mingapi?"

Nikasema arobaini.

"Hesabu."

Nikasema, Mama, naijua, niliishusha mimi siku ishirini na tisa. Akasema, "Hesabu, nisikie."

Nikaanza. Nilikuwa naigusa mmoja mmoja kwa mkono, kwa sauti, kama mtoto wa darasa la kwanza, watu wamesimama wanatazama. Nilipofika ishirini nilikuwa nalia na sikujificha. Nikafika thelathini na tisa, nikanyamaza, kwa sababu uliobaki alikuwa ameukalia yeye.

Akapigapiga mfuko ule ubavuni. "Na huu?"

"Arobaini," nikasema.

"Haya," akasema. "Mwandikie mdogo wako kwamba mzigo umepungua arobaini. Na mwambie arudi nyumbani, kuna nafasi."

Gari la pili lilikuja saa mbili kasoro. Tulipanda wote tisa. Nilihesabu mlangoni, tulikuwa ishirini na sita.

Kaka yako